Menyu Imehama Usiku: Jinsi ya Kubaki Bingwa wa Ofisi Bila Kujifunza Upya

Wewe ndiye unayeitwa. Printa ikigoma, wanakuita. Faili likipotea, wanakuita. Bosi akitaka kuunganisha laptopu na projekta wageni wakiwa wameshaketi, jina lako linasikika korido nzima. Heshima hiyo hukuipata kwa cheti, uliipata kwa kujua kitu gani kiko wapi. Kisha asubuhi moja kompyuta inamaliza kujisasisha, inawaka, na vitu haviko tena mahali pake.

Tulia, vuta kiti. Mwongozo huu haukufundishi menyu mpya. Hiyo nayo itavunjwa siku moja, na kuikariri kitufe kwa kitufe ni kutia maji kwenye pakacha. Hapa utajifunza kuikwepa, heshima yako ikiwa salama, na kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

1. Kataa lawama mapema

Mtu akikosa kitufe, kwanza hujilaumu. "Umri huo." "Mimi na teknolojia hatupatani." Acha. Ukijilaumu mbele ya watu umejivua cheo mwenyewe. Sema maneno mawili tu: "Wameihamisha tena." Tena ni kweli.

Ushahidi ukariri, maana utauhitaji. Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft walitoa Windows 95, wakaweka kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Dunia ikazoea. Mwaka 2001 ikaja XP, menyu ikagawanywa safu mbili. Vista ya mwaka 2007 ikaondoa neno lenyewe na kuweka duara lenye nembo. Hadi hapo aliyetaka menyu ya zamani aliweza kuirudisha kwenye mipangilio. Windows 7 ya mwaka 2009 ikamnyang'anya ruhusa hiyo. Tarehe 26 Oktoba 2012 Windows 8 ikaondoa kitufe chote na kutandaza vigae vya rangi skrini nzima. Watu wakapiga kelele, na Oktoba 2013 toleo la 8.1 likarudisha kitufe, ila ukikibofya unakutana na vigae vilevile. Windows 10 ya Julai 2015 ikarudisha menyu, vigae vikiwa ubavuni. Windows 11 ya Oktoba 2021 ikafuta vigae na kusogeza kila kitu katikati.

Shika hata tatu kati ya hizo. Mtu anayetaja miaka haulizwi maswali mengi.

Na ukishazitaja, ongeza hili, kwa sauti ya kawaida: miaka yote hiyo kazi yako imekuwa ileile. Kufungua barua, kuandika, kuchapisha, kuhifadhi, kuzima. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoomba kitufe kihamishwe.

2. Mkono usionekane ukitangatanga

Kinachomuumbua bingwa ni kipanya. Watu wamesimama nyuma yako, mshale unazunguka skrini kama unatafuta choo kwenye nyumba ya wakwe, na kila mtu anaona. Kwa hiyo toa mkono kwenye kipanya, weka yote miwili kwenye kibodi.

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows. Andika herufi tatu za mwanzo za jina la programu. Bonyeza Enter. Basi.

Mbinu hii imefanya kazi tangu Vista. Ilivuka Windows 8, wakati hapakuwa na kitufe cha kubofya wala kisanduku cha kuandikia: ulianza tu kuchapa juu ya vigae na utafutaji ukafunguka. Inafanya kazi leo kwenye 11. Ukipewa Mac, bonyeza Command na kitufe cha nafasi, uandike vilevile. Apple wanayo huduma hiyo tangu mwaka 2005. Ukipewa Ubuntu, ni kitufe kilekile chenye nembo. Mifumo mitatu, ujanja mmoja, na anayekutazama hajui kwamba huna habari menyu imepangwaje.

Tahadhari moja. Utafutaji wa Windows siku hizi huchanganya programu zako na majibu ya intaneti. Ukiandika haraka ukagonga Enter bila kutazama, unaweza kumfungulia bosi ukurasa wa matangazo, tena kwa bando lako. Andika, vuta pumzi, hakikisha ni programu, ndipo ubonyeze.

3. Ingia kwa mlango wa nyuma

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Kila wanapopaka rangi sebule mpya, watengenezaji huacha milango ya zamani nyuma ya nyumba. Si kwa huruma peke yake. Kampuni na ofisi za umma duniani kote zina programu na maelekezo yanayotegemea milango hiyo, na kuifunga ni kugombana na wateja wanaolipa zaidi. Ndiyo maana Windows ilianza kuhamishia mipangilio kwenye sura mpya mwaka 2012, na zaidi ya miaka kumi baadaye Control Panel ya zamani bado ipo hai chini yake.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika ncpa.cpl, na orodha ya mitandao ya kompyuta inafunguka, ile ile ya zamani, hata kama menyu mpya imeificha nyuma ya kurasa kadhaa. Andika appwiz.cpl, unapata mahali pa kufutia programu. Andika mmsys.cpl, unapata sauti na spika. Andika control, unapata Control Panel yenyewe. Yaandike maneno haya manne kwenye karatasi ndogo, uibandike chini ya kibodi, upande usioonekana. Mtu akikuona unaandika ncpa.cpl kutoka kichwani, habari zako zitafika hadi idara ya fedha.

Kuzima kompyuta kuna historia yake chungu. Kwenye Windows 8 ilikubidi usukume kipanya hadi kona ya kulia, usubiri pau ichomoze, ubofye Settings, ubofye Power, ndipo uchague kuzima. Hakukuwa na alama yoyote kwenye skrini ya kukuonyesha kwamba pau hiyo ipo. Watu wazima, wenye shahada, walichomoa waya ukutani. Wewe usichomoe. Bonyeza Windows na D ili ubaki na skrini tupu, kisha Alt na F4. Kisanduku cha kuzima kinatokea. Au bonyeza Windows na X, achia, kisha U mara mbili. Njia ya kwanza inashinda kwa sababu ni ya zamani zaidi.

Lakini mlango wa nyuma ninaoupenda kuliko yote uko ndani ya Excel. Mwaka 2007 Microsoft walifuta menyu za juu za Office na kuweka utepe wa vitufe. Wahasibu walikuwa wameshazoesha vidole: Alt, E, S, V, na Enter, kubandika tarakimu bila fomula. Menyu ya E haipo tena. Sasa nenda kwenye Excel mpya kabisa, nakili seli yoyote, ubonyeze Alt kisha E. Tazama juu ya skrini. Kijisanduku kidogo kinatokea na kukuambia uendelee kuandika herufi za toleo la zamani la Office. Endelea: S, V, Enter. Imebandika. Menyu ilishakufa, herufi zake zinaishi, kwa sababu kuna mhandisi aliyefikiria vidole vya mhasibu akaona si haki kuvivunja. Huyo mhandisi angepewa mamlaka ya menyu zote tusingekuwa hapa.

4. Irudishe konani, na uwe na jina la kutaja

Windows 11 ikikukuta, usikubali kukaa katikati. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye pau ya chini, chagua Taskbar settings, shuka hadi Taskbar behaviors, na kwenye Taskbar alignment uchague Left. Kitufe cha Start kinarudi nyumbani.

Atatokea kijana wa kusema katikati ndiyo mtindo wa sasa. Mjibu kwa jina: Paul Fitts. Mwaka 1954 mwanasaikolojia huyo Mmarekani alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Wabunifu wa skrini walichukua kanuni hiyo wakaona jambo rahisi: kona haikoseki. Unarusha kipanya bila kutazama, mshale unagota ukingoni na kusimama wenyewe. Kitufe kikiwa katikati hakuna ukingo wa pembeni wa kukusimamishia mshale. Na kwenye Windows 11 kuna balaa la pili: vitufe vya pau hujipanga upya kila ukifungua programu isiyobandikwa hapo, kwa hiyo Start iliyoko katikati husogea kidogo kushoto kila programu mpya inapoongezeka. Saa mbili asubuhi ipo hapa, saa tano ipo pale. Kitufe kinachotumika kila siku kingestahili kukaa mahali pamoja, na kumfanya mtu akitafute kila mara ni kumkosea.

Ukishafika hapo, malizana na ile menyu fupi inayotokea ukibofya faili kwa kitufe cha kulia. Maneno ya kukata, kunakili na kubadilisha jina waliyafanya vipicha, na mengine yakafichwa nyuma ya Show more options. Shikilia Shift huku ukibofya, menyu ndefu ya zamani inarudi. Kubadilisha jina la faili usitafute kipicha chochote: bonyeza F2.

5. Ukipenda, vaa sura ya zamani

Hujatosheka? Wapo waliotangulia kukataa, tena kwa vitendo. Mwaka 2009, mwaka uleule menyu ya zamani ilipofutwa, mwandishi wa programu Ivo Beltchev alianzisha Classic Shell, programu ya bure inayorudisha menyu ya Start unayoijua. Windows 8 ilipokuja, watu waliikimbilia. Beltchev aliacha kuiendeleza mwaka 2017, akaachia msimbo wake, na wenye kujitolea wanaendelea nayo kwa jina la Open-Shell.

Kwenye Linux walikwenda mbali zaidi. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 bila menyu iliyozoeleka, mtu mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 akaufanya mazingira kamili yanayoitwa MATE, na watu wa Linux Mint wakajenga Cinnamon. Hiyo ni mikono iliyokataa kufundishwa upya, ikajenga nyumba yake yenyewe.

Ila sikiliza. Pakua kwa wenyewe tu, si kwenye tovuti ya kwanza inayokujia. Hata huko uwe macho: Agosti 2016 wahalifu waliingilia mahali pa kupakulia Classic Shell na kuweka faili haribifu badala yake. Waliolifungua waliwasha kompyuta zao zikakataa kuwaka. Na kama kompyuta ni ya ofisi, omba ruhusa ya watu wa TEHAMA. Ujanja wenye barua ya ruhusa unalala usingizi mzuri.

6. Ukikwama hadharani

Itatokea. Umesimama mbele ya kikao, kitufe hukioni, na wageni wametulia kimya.

Tumia wingi. Usiseme "sikioni," sema "ngoja tuone safari hii wamekiweka wapi." Sasa mnatafuta wote, na kushindwa kwako kumekuwa utafiti wa pamoja.

Kisha mgeukie kijana aliyeajiriwa juzi, kwa upole wa mwalimu: "Wewe ungekitafuta wapi?" Ataonyesha kwa kidole, kwa furaha. Mwambie, "Vizuri sana," ubofye. Yeye amepata sifa, wewe umepata kitufe, na kikao kinaendelea. Usimnyime sifa hiyo. Kesho utamhitaji tena.

7. Msaidie na mwenzako kukwepa

Mbinu zote hizi ni za mtu anayesoma skrini. Sasa nenda masijala.

Pale yuko mama aliyekaribia kustaafu, anayesajili barua tangu enzi za XP. Hasomi menyu, na hakuwahi kuisoma. Maneno ni ya Kiingereza, na hayana msaada kwake. Anajua mahali. Kona ya chini, juu kidogo, kulia, ya tatu kutoka juu. Mkono unakwenda macho yakiwa kwenye barua, na hakuna kijana jengo zima anayemfikia kasi. Menyu ikihama, huyu hajapitwa na wakati. Amenyang'anywa ujuzi ambao ni wake, usiku, bila kuulizwa, na asubuhi anaonekana mzito mbele ya watoto aliowapokea kazini. Hili linanikera kuliko kitufe chochote kilichopotea.

Kwa hiyo mpe salamu yake, "Shikamoo mama," vuta kiti ukae upande wake, uache kipanya mkononi mwake. Muulize ni programu gani nne anazofungua kila siku. Zibandike kwenye pau ya chini kwa mpangilio anaoutaka yeye, kuanzia kushoto. Mwonyeshe kwamba Windows na 1 inafungua ya kwanza, Windows na 2 ya pili, na kuendelea. Ujanja huu upo tangu Windows 7 na umevuka kila toleo lililofuata. Andika namba hizo kwenye kikaratasi kwa Kiswahili: 1 Barua, 2 Daftari, 3 Baruapepe, 4 Printa. Kibandike pembeni ya skrini, kionekane. Kisha usiruhusu mtu kugusa mpangilio huo.

Ukiwa hapo hapo, zima jambo moja la hatari. Menyu ya Windows 11 ina sehemu inayoitwa Recommended, inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Masijala, hiyo maana yake barua za siri zinasomeka majina kwa yeyote anayepita Start ikiwa wazi. Kwenye steshenari maana yake mteja wa sasa anaona jina la barua ya talaka ya mteja aliyetoka. Nenda Settings, Personalization, Start, uzime chaguo la kuonyesha vilivyofunguliwa karibuni. Ni dakika moja, na ni stara ya watu.

8. Pasipo na njia ya mkato

Sehemu moja sikuruhusu kukwepa. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kubaki nayo hivihivi kwa sababu menyu yake ni nzuri ni kuacha mlango wa nyumba wazi. Tatizo ni kwamba Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na kwa kawaida prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu ni za nyuma ya hapo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kizazi cha prosesa, akuonyeshe kwenye skrini, si kwenye kasha. Uliyonayo ikiwa haifai, jiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa kuongezewa muda wa usalama, au weka Linux Mint, ambayo menyu yake iko kona ya chini kushoto kama ulivyozoea.

Kompyuta ya ofisi isisasishwe siku ya mishahara wala wiki ya kufunga hesabu. Chagua Ijumaa mchana, baada ya swala, kazi zikiwa zimepungua, na uwe umeshaandaa karatasi yako ya chini ya kibodi.

9. Lalamika, maana inafanya kazi

Bonyeza Windows na F. Inafunguka programu ya kupelekea maoni. Wengi hudhani kelele hazifiki. Zinafika. Kitufe cha Start kilirudi mwaka mmoja baada ya kufutwa. Windows 11 ilipotoka haikuruhusu kuburuta faili hadi kwenye pau ya chini. Mwaka 2022 ikaruhusu. Iliondoa majina ya madirisha kwenye pau hiyo na kubakiza vipicha. Mwaka 2023 majina yakarudi kwa anayeyataka. Havikurudi kwa bahati, watu waliandika.

Usiandike "menyu mpya mbaya." Hiyo haimsaidii mtu. Andika kazi uliyokuwa unafanya, hatua zilikuwa ngapi kabla, ni ngapi sasa, na ni nani ofisini imemkwamisha. Kiingereza chepesi kinatosha. Ukimaliza yako, nenda masijala, kaa na yule mama, na umwandikie na ya kwake, kwa maneno yake.